Majina Manane Yaliyodondoka Chini ya Karatasi

Siku ile ndani ya chumba cha kompyuta tulikuwa watu watano, na ninawataja wote. Alikuwepo Bwana Kaijage, meneja wetu, mtu wa Muleba, amesimama nyuma ya kiti changu akitazama saa. Alikuwepo Mzee Bitegeko, fundi mpanga herufi, aliyenifundisha kazi. Alikuwepo Leokadia wa Kanoni, mkunjaji na mbanaji wa vitabu. Alikuwepo Mwalimu Fideli, katibu wa kamati ya kusomesha yatima, amekalia kreti ya soda kwa sababu viti vilikuwa viwili tu. Na nilikuwepo mimi, vidole vyangu kwenye kibodi. Nawataja kwa sababu kwa miaka mingi nimesikia watu wakisema kwamba kompyuta ilikosea. Kompyuta haikukosea kitu. Mle ndani kulikuwa na watu watano wenye macho, na mmoja tu ndiye aliyetaka kuyatumia.

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya uchapaji leo, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Majuzi niliingia kwenye stesheneri moja pale Kayanga kuchapisha kijitabu cha misa ya mazishi. Nikamwomba kijana karatasi ya kwanza niisome kabla hajachapa nyingine mia. Akacheka. "Bibi, hiyo ni PDF. Ikishakuwa PDF haibadiliki, pumzika." Mwenzake naye akadakia, "Bibi anataka kusahihisha mashine." Nikaisoma hivyo hivyo, nimesimama, nikianzia mstari wa mwisho kwenda juu. Wakazidi kucheka. Basi kaeni niwaambie kwa nini mwanamke wa umri wangu anasoma karatasi kama mtu anayepanda ngazi.

Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla migomba aliyoipanda baba haijazaa. Mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu walikuwa wanne. Niliacha shule darasa la sita, nikaenda kuomba kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, kwenye njia ya kwenda Kihanga. Walinipa ufagio. Nilifagia miezi minne, na kila nilipofagia niliokota herufi za madini ya risasi sakafuni, ndogo kama punje za mtama, nikazirudisha kwenye visanduku vyake. Siku moja Mzee Bitegeko akafungua kisanduku cha herufi "m" na kukuta nimezipanga zote zikiangalia upande mmoja. Akaniuliza, "Nani alikufundisha?" Nikasema hakuna. Akasema, "Weka ufagio chini."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sina cheti. Mnaponiona natumia miwani miwili sijisingizii usomi, ni macho yaliyochoka kwa herufi zilizogeuzwa kichwa chini.

Mzee alikuwa na desturi moja ambayo kiwanda kizima kiliijua. Prufu ya kwanza, yaani karatasi ya majaribio, ikitoka, hakuna aliyeruhusiwa kuendelea mpaka watu wawili wameisoma kutoka chini. Mmoja anashika karatasi iliyochapwa na kusoma mstari wa mwisho kwa sauti. Mwingine anashika muswada wa mkono na kuutafuta mstari huo. Ukipatikana, wanapanda mstari mmoja juu, wanasoma tena. Alikuwa akisema, "Tuanzie miguuni," na sisi sote tukaiita kazi hiyo kuanzia miguuni. Sababu yake haikuwa uchawi. Ukinyanyua ukurasa wa herufi za risasi kutoka mezani kwenda kwenye mashine, kamba inayozifunga pamoja ikilegea, mstari wa chini ndio unaodondoka. Juu kunabaki kuzuri, katikati kunabaki kuzuri. Mtu anayesoma kutoka juu huchoka akifika chini, na jicho lililochoka hujiandikia lenyewe yasiyokuwepo.

Nililijua hilo kwa aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kupanga kadi ya harusi ya mtu wa Kihanga. Mstari wa mwisho ulisema, "Tafadhali, watoto wabaki nyumbani." Nilipoinyanyua ukadondoka, nikaona uvivu kuanzia miguuni. Kadi zikatoka safi. Siku ya harusi walifika watoto wa kijiji kizima, na wa kijiji cha pili, na wengine walikuja wamebebana. Ndizi za wageni ziliisha kabla bwana harusi hajaketi. Baba yake alikuja kiwandani Jumatatu na kadi mkononi. Mzee Bitegeko akanisukuma mbele, "Mwambie wewe." Nikasema, "Shikamoo Mzee, ni mimi." Akasema, "Waitu, mwenzetu, hata ndizi zote za wageni nisingekudai. Lakini kuna mtoto alikula mara tatu, huyo nakudai." Kiwanda kizima kilicheka. Mimi sikucheka, ila nililikumbuka somo. Au nilidhani nimelikumbuka.

Kompyuta ilikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, na printa ya leza, zawadi ya watu wa ng'ambo, pamoja na kijana wa kigeni aliyekaa nasi wiki sita. Bwana Kaijage alichagua watu wawili wa kufundishwa, na mmoja nilikuwa mimi. Mwingine alihamia Bukoba mwezi uliofuata, nikabaki peke yangu.

Msidhani ilikuwa kama hizi zenu, unaona karatasi kwenye skrini kama ilivyo. Skrini ilikuwa nyeusi na herufi zake nyeupe. Uliandika maneno yako, ukayawekea alama: hapa kichwa cha habari, hapa jedwali. Programu ya kwanza iliyapanga mistari vizuri, vizuri kuliko Mzee na mimi, nakiri. Lakini ilichotoa ni faili ambalo printa haikulielewa hata chembe. Ndipo ulipaswa kuita programu ya pili kwa kuandika amri, uiambie itafsiri ule mpangilio kwa lugha ya printa. Amri ile ilikuwa mstari mmoja tu, na kila kitu kilikuwa ndani yake: jina la programu, kurasa gani, karatasi ya aina gani, faili lipi. Ukiisha kuipiga, unabonyeza kitufe cha kuingiza, na hakuna kurudi nyuma.

Mara ya kwanza ilipoanza kutengeneza herufi zake, ilikaa tangu chai ya asubuhi mpaka karibu na chakula cha mchana, inaandika namba kwenye skrini, haitoi kitu. Bwana Kaijage akaamini imekwama, akaenda kuzima jenereta. Tukaanza upya. Akaizima tena. Mara ya tatu Leokadia alisimama mbele ya mlango wa jenereta na mkasi wa kukatia karatasi mkononi, akasema, "Meneja, leo utanipita mimi kwanza." Ikamaliza. Herufi zilitoka nzuri mpaka Mzee Bitegeko akaipapasa karatasi akitafuta mahali risasi ilipobonyeza.

Nilijifunza mengine kwa kuumia. Kwamba ukilipeleka faili kwa printa bila kuweka mkwaju, ule mstari ulioinama, na herufi b kwenye amri ya kunakili, printa inaweza kukatika katikati ya kazi na usijue kwa nini. Kwamba unatoa kwanza ukurasa mmoja, si mia. Na kubwa kuliko yote, karatasi. Programu ile ya pili ilizaliwa Marekani. Usipoiambia kitu, inadhani karatasi yako ni ya huko, ambayo ni fupi kuliko A4 yetu kwa karibu upana wa kidole gumba. Na inapima kutoka ukingo wa chini. Ikidhani karatasi ni fupi, inayateremsha maandishi yote: juu panabaki peupe zaidi, na chini maandishi yanasukumwa kuelekea nje. Barua ya kawaida, yenye nafasi kubwa chini, hutaona tofauti. Ukurasa uliojazwa mpaka chini kabisa, mstari wa mwisho unaanguka nje ya karatasi, na printa haisemi neno. Dawa yake ilikuwa kistari, herufi t, halafu a4. Nyongeza ndogo hiyo tu. Niliiandika kwenye kipande cha kadi nikakibandika pembeni mwa skrini.

Sasa orodha.

Kamati ya kusomesha yatima ilikuwa imechagua watoto wa kulipiwa sekondari ya bweni, kutoka Karagwe yote, na Kyerwa wakati ule ilikuwa ndani ya Karagwe. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, jinsi nyumba zilivyokuwa zikifungwa kwa ukimwi miaka ile. Watoto wa kusaidiwa walikuwa wengi, nafasi zilikuwa chache, na kupata jina kwenye orodha ile kulikuwa ni kupata maisha. Mimi nililijua hilo kuliko waliokaa kwenye kamati. Mwalimu Fideli alileta orodha imeandikwa kwa mkono kwenye daftari. Sisi tuipange, tuichape, nakala ziende shuleni na nyingine zibandikwe ukutani mwa ofisi za parokia.

Bwana Kaijage alitaka karatasi ziwe chache. "Banabana," akaniambia. Nikaondoa safu ya namba, nikapunguza nafasi kati ya mistari, nikaushusha ukurasa mpaka karibu na ukingo wa chini. Zikatoka kurasa tisa, nane zimejaa na wa tisa nusu. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanaishia. Mwalimu Fideli alikuwa anasubiri gari. Kile kipande cha kadi Bwana Kaijage alikuwa amekibandua asubuhi ile, eti ni uchafu mbele ya mgeni.

Nikaandika amri kwa kichwa. Sikuweka ukubwa wa karatasi.

Kurasa zikatoka. Zilikuwa safi ajabu. Mwalimu Fideli akauinua ukurasa wa kwanza, akasema, "Hii imekaa kiofisi hasa. Angalia nafasi hii ya juu."

Mzee Bitegeko akanyoosha mkono achukue daftari. "Tuanzie miguuni."

Bwana Kaijage akacheka. "Mzee, hii si risasi. Hakuna kamba hapa, hakuna cha kudondoka. Utamchelewesha Mwalimu kwa desturi za kale?"

"Ni dakika ishirini, Meneja."

"Dakika ishirini za mafuta ya nani?"

Leokadia alitazama mikono yake. Mzee akanigeukia mimi. Hakumgeukia meneja, alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeijua mashine ile, na neno langu lingetosha. Nami nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na fahari ya kuwa mtu pekee Karagwe anayeweza kukiamuru kile kitu, na sikutaka kuonekana mbele ya mgeni kama mtu asiyeiamini mashine yake. Nikasema, "Iko sawa, Mzee."

Akaliweka daftari mezani. Akatoka nje.

Wiki ya pili akaja bibi mmoja kutoka Ndama, na mjukuu wake Domitila. Walikuwa wametembea. Walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wa parokia asubuhi nzima, Domitila akisoma, bibi akimwambia arudie. Mtu akawaambia orodha ilichapwa kwetu, wakaja. Bibi hakuja kugombana. Alisema tu, "Mwanangu, katibu alituambia kwa mdomo wake kwamba mtoto huyu amo. Hebu mwangalie tena, pengine jicho lake limeruka."

Nikaingia ndani kulichukua daftari. Domitila alikuwamo. Nikaweka ukurasa wa tatu tuliouchapa kando ya daftari, nikaanzia miguuni, na mstari wa kwanza nilioutafuta ulikuwa wa Domitila. Haukuwepo. Nikachukua ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa nne. Kila ukurasa uliojaa ulikuwa umepoteza mtoto mmoja. Wa tisa tu ndio uliokuwa mzima, kwa sababu haukufika chini. Nikakalia ile kreti.

Bwana Kaijage akaingia. Nikamwonyesha. Alikuwa mtu mwenye akili, alielewa kabla sijamaliza. Akafunga mlango.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe. Nichape ukurasa wa nyongeza, majina manane, niupeleke leo."

"Na useme nini? Kwamba misheni ilinunuliwa mashine ya kupoteza yatima? Watafunga kiwanda hiki." Kisha akasema neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa nachambua maharage nayamwaga. "Wadogo zako wanne watakula herufi?"

"Bibi yuko nje," nikasema.

"Mwambie hakuchaguliwa."

Vijana, ningependa kuwaandikia kwamba nilimtemea mate. Nilitoka nje. Nikamwambia yule bibi, "Hakuchaguliwa, Mama." Bibi akaitikia, "Haya," akamshika mtoto mkono, na Domitila akaniaga kwa adabu kabisa, "Kwaheri, Dada," wakaondoka.

Sikuweza kukaa na jambo lile kutwa. Jioni nilimfuata Mzee Bitegeko nyumbani kwake, akiwa anatoa majani makavu kwenye migomba. Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hukuweka karatasi?" Nikasema sikuweka. Akanawa mikono. Asubuhi tulikwenda wawili kwa Mwalimu Fideli, tumebeba daftari na zile kurasa.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa hasa, maana mpaka hapo ilikuwa ni hasira ya kujichukia. Mwalimu Fideli alitusikiliza, akasema, "Kumbe." Kamati ilikuwa imehesabu. Waliketi, wakahesabu majina ya orodha iliyochapwa, wakakuta yamepungua manane kulinganisha na idadi ya nafasi. Na badala ya mtu kusema hebu tuulize yako wapi, badala ya mtu kukumbuka hata jina moja kati ya waliyoyajadili kwa siku tatu, walijaza. Walichukua manane kutoka orodha ya akiba. Baadhi yao hawakuwa yatima kabisa. Niliwajua baba zao, wazima, wanavaa tai.

"Barua zimekwenda shuleni," akasema Mwalimu Fideli. "Nafasi zimejaa. Nitawatoa vipi wale?"

Mzee Bitegeko akasema, "Kama ulivyowaingiza."

"Mzee, mwakani tutaangalia."

"Mwakani watoto hawa watakuwa wamekwisha ambiwa hawafai."

Mwaka uliofuata kamati haikukaa. Fedha za ng'ambo zilikuwa zimekatika. Mzee Bitegeko aliambiwa kwamba kiwanda hakina tena kazi ya herufi za risasi, akapewa barua ya shukrani, ambayo niliipanga mimi, na kuichapa mimi, kwa karatasi sahihi. Akaja kuichukua. Akaisoma mbele yangu kutoka chini kwenda juu. Akasema, "Haina kosa," akaondoka. Nilimwona mara chache baadaye kabla hajafariki.

Kwa hiyo mnaponiambia PDF haibadiliki, nawajibu hivi: najua haibadiliki. Ndiyo shida yake. Kosa likishaingia linakaa mle milele, safi, limenyooka, limekaa kiofisi, na kila mtu anayelitazama anaona kazi nzuri. Herufi za risasi zilipodondoka zililia sakafuni. Hizi zenu hazilii. Mashine inafanya ulichoiambia, na usichoiambia inajaza yenyewe, na inajaza ya huko ilikozaliwa. Chukueni muswada, mpeni mwenzenu, someni kutoka chini. Ukiona kazi ni haraka sana kiasi kwamba hakuna dakika ishirini, jua kuna mtu anaharakisha kwa faida yake, na hasara itamwangukia aliye mstari wa mwisho. Na mtu akikugeukia akuulize kama iko sawa, na hujasoma, sema hujasoma. Neno moja. Mimi lilinishinda.

Baada ya Mwalimu Fideli kutujibu vile nilinyamaza miaka mitatu, mpaka mdogo wangu wa mwisho alipomaliza shule na kupata kazi. Sijitetei. Nilikuwa na midomo minne ya kulisha na niliilisha kwa ukimya wangu, na wao hawakujua wanakula nini. Siku aliponiletea mshahara wake wa kwanza nilimshukuru, nikachukua lile daftari, ambalo tulirudi nalo kutoka kwa Mwalimu nikalificha chini ya godoro, nikaanza kutembea.

Sikuwa na cha kuwapa. Nilikuwa na neno moja: jina lako lilikuwepo. Nilikwenda Kihanga, Kanoni, Kaisho, mpaka Mabira. Wengine walinifukuza. Mmoja alikuwa amekwisha fariki, nikamwambia shangazi yake kaburini. Kijana mmoja alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la mtu, alisikiliza bila kuweka kapu chini, kisha akasema, "Sasa umekuja kunipa hasira ambayo sikuwa nayo." Nikasema ndiyo, ni yako, nilikuwa nimekuwekea.

Domitila nilimkuta Ndama kwa mume wake, amebeba mtoto mgongoni, anaanika kahawa. Alinitambua. Nilipomaliza aligeuza kahawa upande mmoja, akageuza upande mwingine.

"Kwa hiyo nilifaulu?"

"Ulifaulu. Mimi ndiye niliyekuangusha."

"Bibi alikufa akijua sikufaa," akasema. "Alikuwa akiniambia nisijali, kwamba wenye akili ni wengine." Kisha akalia, na mimi sikuthubutu kumgusa. Nilipotaka kuondoka aliniambia nimwandikie kwenye karatasi, jina lake na shule aliyopangiwa, amwonyeshe mumewe. Nikamwandikia.

Hao ni saba. Wa nane anaitwa Venansi. Wazazi wake walitoka Rwanda, wakalima Nkwenda, wakafia huko, na kwenye daftari ameandikwa pale ukurasa wetu wa sita ulipopaswa kuishia, kijiji cha Nkwenda, mtoto wa kiume, alama zake za juu kuliko wote wanane. Nimekwenda Nkwenda mara tatu. Kiwanja chao kina migomba ya mtu mwingine. Jirani mmoja alisema alihamia Murongo na mjomba wake. Mwingine alisema alivuka mto wa mpakani. Murongo nilifika, nikauliza sokoni na kanisani, watu wakanipa Venansi wawili, na hakuna aliyekuwa yeye. Sasa magoti hayanibebi tena kwenye vilima vile. Yeye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, mahali fulani, na pengine amewaambia watoto wake kwamba aliwahi kuomba kusoma, wakamwona hafai. Bado sijamwambia.